Vimbunga Vinaongezeka, Alisema Spika

Kuna watu waliojaliwa sauti wakanyimwa la kusema. Spika alikuwa mmoja wao, ila yeye alipata na gari. Ilikuwa pikapu ya kijivu, mlango wa abiria umefungwa kwa waya, na juu yake vipaza sauti viwili vyenye midomo mipana, kimoja kikitazama mbele na kingine nyuma, ili hata ukimpa kisogo usipone. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Alitangaza sabuni, misiba, mikutano, chanjo ya mbwa, kukatika kwa maji na kurudi kwa maji, na wakati mmoja alizunguka mji mzima akitangaza meno ya bandia yaliyookotwa sokoni. Yote hayo aliyatangaza kwa sauti ile ile. Ukiwa ndani unaosha vyombo, hukujua kama utoke na ndoo au utoke na leso ya machozi.

Hata hivyo msimdharau bure. Ngojeni kwanza mpate sababu. Spika alikuwa na nadharia yake ya kazi. Gari haisimami, alisema, na mtu aliye mlangoni husikia yale tu yanayopita mbele ya mlango wake. Ukimpa maneno mengi, yeye atapata kichwa na jirani atapata mkia, na wote wawili watakulaumu. Kwa hiyo alikuwa mkata maneno. Idara ya maji ilipomletea karatasi ya kuwaomba radhi wateja wote kwa usumbufu utakaotokana na matengenezo ya bomba kuu, yeye alipita akipiga kelele, "Maji hakuna! Kesho!" Watu wakachota, kesho ikafika, maji hayakuwepo. Ufanisi huo ulimpanda kichwani. Akaanza kuamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloweza kusemwa kwa maneno mawili, na kwamba wanaotumia zaidi ya hapo ni watu wasio na kazi.

Aliyemlea ni dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule, akanunua pasi ya mkaa, akaanza kuwapigia watu nguo. Alimkuza mdogo wake kwa mashati ya maofisa na mashuka ya nyumba za wageni, hadi jina lake likapotea na watu wakabaki kumwita Mama Pasi. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa chini, kati ya maghala na mto: chumba kimoja cha kulala na kimoja cha kazi, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba tatu zilizovuka dari na nguo za watu zikining'inia. Alikuwa na ulimi ambao ungenyoosha kola bila moto.

"Mdogo wangu," alikuwa akimwambia Spika, "wewe ukipewa Kiyama utangaze, utapita ukisema 'Kiyama! Leo!' Halafu utauliza chakula kiko wapi."

Spika alicheka, maana alidhani anasifiwa.

Kwenye ukuta wa Mama Pasi kulikuwa kumeegemezwa kibanda cha fundi viatu, mtu mzima wa mvi aliyeitwa Mzee Soli. Mbele aliweka benchi, nyuma alikuwa na chumba chake: mlango mmoja, na tundu la hewa ambalo hata paka alilipita kwa kujiuliza. Mzee huyu na Mama Pasi walitukanana kila asubuhi kwa miaka mingi. Yeye alisema mikunjo ya suruali za Mama Pasi imepinda kama njia ya mlevi. Mama Pasi alisema viatu vya Mzee Soli vinapiga makofi vikitembea. Siku mmoja wao akiumwa, mwenzake alikosa hamu ya kula. Watu walikuwa na yao ya kusema juu ya hao wawili, lakini kama jambo lilikuwepo, lilibaki kwenye matusi.

Sasa siku moja Spika aliitwa kituo cha hali ya hewa. Kilikuwa chumba chenye feni iliyolia, ramani ya bahari ukutani, na mkuu wa kituo aliyekaa nyuma ya meza akisubiri saa ya kutoka tangu saa ya kuingia. Mwenye kazi hasa alikuwa binti mmoja wa miwani ambaye wenzake walimwita Huenda, kwa sababu hakuna sentensi aliyoianza kwa neno jingine. Huenda alikuwa na elimu yake, nzuri tu, lakini aliisema kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyopigwa deki.

"Kwa hiyo vimbunga vinazidi kuwa vingi?" Spika akauliza, akitaka wamalize.

"Huenda visiwe vingi zaidi," Huenda akajibu. "Huenda hata vikapungua kidogo. Kwa upande wa idadi wataalamu bado wanavutana. Lakini bahari inazidi kupata joto, na kimbunga kinakula joto. Kwa hiyo hivyo vitakavyokuja, sehemu kubwa huenda ikawa ya vile vikali. Huenda vikapata nguvu haraka: leo upepo wa kawaida, kesho balaa. Na mvua yake itakuwa nyingi kuliko zamani. Hilo la mvua tuna uhakika nalo zaidi."

"Dada, umesema huenda mara ngapi?"

"Kila ilipohitajika."

"Huenda haiuzi sabuni."

"Mimi siuzi sabuni."

"Ndiyo maana hakuna anayekujua."

Mkuu wa kituo akaamka kidogo. "Fupisha tu, bwana," akamwambia Spika. "Hawa vijana wakianza hawamalizi."

Spika akafupisha. Kabla hajafika kwenye kona ya kwanza alikuwa ameshayachinja maelezo yote ya binti wa watu, na kilichotoka kwenye vipaza sauti kilikuwa hiki: "Vimbunga vinaongezeka!"

Tazameni ujanja wa neno lenyewe. Joto likiongezeka, hakuna anayehesabu majoto. Mshahara ukiongezeka, hupewi mishahara miwili. Lakini panya wakiongezeka, unahesabu mikia. Kuongezeka ni neno lenye milango miwili, wa nguvu na wa wingi, na Spika alilitupa barabarani bila kumwonyesha mtu aingilie wapi. Mji mzima ukaingia kwa mlango wa panya. Na kwa nini usiingie? Ukiambiwa vitu vinaongezeka, unakaa kungoja vingi.

Huenda alisikia tangazo kutoka dirishani, akashuka ngazi mbio, lakini gari haisimami. Akarudi kwa mkuu wake akilalamika kwamba wao hawakusema hivyo. Mkuu akamuuliza, "Kwani haviongezeki?" Akasema, "Kwa namna fulani vinaongezeka." Mkuu akasema, "Basi." Na Huenda, mwenye shahada yake, akakaa chini akamalizia chai. Huyo naye msimwonee huruma mapema.

Tangazo likapendwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alilipenda kuliko wote, akamwomba Spika amwongezee kimkia kidogo. Tangu hapo likawa: "Vimbunga vinaongezeka! Misumari ipo!" Spika akawa anatumikia kituo cha hali ya hewa kwa mdomo wa mbele na duka la misumari kwa mdomo wa nyuma, na wala hakuona ubaya. Watu wengi walilisikia kama wimbo. Wachache walinunua misumari. Mmoja wao alikuwa Mzee Soli, mtu asiyeamini serikali, redio wala daktari, lakini akiona msumari mzuri moyo wake unalainika. Akapanda juu ya kibanda na nyundo yake ya viatu, akapigilia bati baada ya bati, msumari ubavuni mwa msumari, hadi paa likawa limeshonwa.

"Hilo paa si la nyumba," Mama Pasi akamwambia kutoka dirishani. "Hilo ni buti la askari."

"Wewe subiri upepo," akasema Mzee Soli. "Lako litakapokuwa linaruka huko juu, mimi nitakuwa nimelala."

Msimu ule kimbunga kilitangazwa kweli. Watu wa mtaa wa chini wakaambiwa wahamie shule ya sekondari iliyo kilimani. Mama Pasi akakunja nguo za wateja, akafunga mlango; Mzee Soli akafunga benchi; wakaenda wakalala sakafuni darasani na watoto wanaolia na mzee mmoja aliyekoroma kama jenereta. Kimbunga kikageuka huko huko baharini kikaenda zake. Waliporudi, mwizi alikuwa amepita. Mama Pasi hakuikuta pasi yake, ile ya kwanza, na Mzee Soli hakuzikuta fomu zake za mbao za kushonea viatu. Pasi nyingine ilipatikana, na fomu nyingine zilichongwa, lakini kitu kilichokufa siku ile hakikufufuka. Wote wawili waliapa kwamba hawatahama tena, ng'o, hata mto uje kubisha hodi.

Msimu uliofuata haukuleta kimbunga. Uliofuata nao, patupu. Spika aliendelea kupita na "Vinaongezeka!" yake juu ya mitaa mikavu, na watu wakampokea ipasavyo. Muuza mkaa wa kona ndiye aliyekuwa kinara.

"Spika!" aliita kila gari ilipopita. "Vimeongezeka vimefika wapi? Au na wewe umevipiga mkato?"

Kibarua cha watu wa mitaani ni kucheka, na walikifanya kwa bidii. Walikuwa wamengoja vingi, hawakupata hata kimoja, kwa hiyo wakakata shauri kwamba ni uongo wa wenye misumari. Hakuna aliyejiuliza kama alielewa. Spika naye hakujiuliza. Alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa," methali aliyoipenda mno kwa sababu inalaumu sikio, mdomo haumo.

Halafu ikafika ile siku. Jana yake, Huenda alikuwa ametazama upepo mdogo baharini ambao hata mkuu wake hakuupa jina. Asubuhi alipoingia kazini, kitu kile kilikuwa kimekua usiku kucha juu ya maji ya moto, kikawa kikubwa kuliko chochote alichowahi kukiona kwenye ramani ile, na kilikuwa kinakuja. Akampigia Spika simu. Spika alipofika, binti hakumpa karatasi. Alijaribu mlango wa abiria, akakuta waya, akapanda kwa upande wa dereva akampita Spika magotini.

"Leo nakwenda na wewe," akasema.

"Utaniharibia kazi."

"Twende."

Wakazunguka. Spika akapiga kelele zake: "Vimbunga vinaongezeka! Hamieni shuleni!" Sauti ya sabuni, sauti ya meno ya bandia. Mitaa ya juu watu walitoka wakatazama mbingu, wakaona bluu, wakarudi ndani. Muuza mkaa akapaza sauti, "Na misumari je, ipo?" na kijiwe kizima kikavunjika mbavu.

Huenda akamgeukia Spika. "Wanadhani unauza misumari."

"Sikio la kufa," Spika akaanza.

"Nimeshaisikia hiyo. Dada yako anakaa wapi?"

Hapo Spika akageuza usukani, maana hilo ndilo lililokuwa linamla tangu simu ilipolia. Mji mzima ungeweza kumcheka hadi ukauke, asijali sana. Lakini dada yake alikuwa mtaa wa chini, hatua chache kutoka mtoni, na alikuwa ameapa. Spika aliwajua watu waongo wengi, wakiwemo wateja wake, lakini hakuwahi kumwona Mama Pasi akivunja kiapo. Asipohama leo atakufa, na Spika hakuwa na mama mwingine.

Wakamkuta mezani, shati la karani mmoja limetandazwa mbele yake, pasi mkononi.

"Shikamoo mama," akasema Huenda.

"Marahaba. Kama umeleta nguo weka pale. Kama umekuja na huyu kunihamisha, mlango ni ule ule mliouingilia."

"Dada," Spika akasema, "safari hii ni kweli. Vimbunga vinaongezeka."

Mama Pasi hakuinua macho. "Mwaka ule ulisema vinaongezeka, nikaenda kulala sakafuni nikaibiwa pasi. Tangu hapo nimekuwa nikihesabu, mdogo wangu. Mwaka wa kwanza sifuri. Mwaka wa pili sifuri. Mimi sikumaliza shule, kwa sababu kuna mtu nilikuwa namnunulia viatu, lakini sifuri na sifuri naweza kuzijumlisha. Viko wapi?"

Spika akafungua mdomo. Ndani mlikuwa na maneno mawili, na yalikuwa yameshatumika.

"Mama," akasema Huenda, "sisi hatukukwambia uhesabu."

Pasi ikasimama. "Unasemaje?"

"Tulimwambia kwamba huenda visiwe vingi. Huenda miaka ipite bila hata kimoja. Tulichosema ni kwamba kikija, kitakuwa kizito kuliko vile mlivyozoea, na kitanenepa haraka, kwa sababu bahari imekuwa ya moto. Hiki jana hakikuwa kitu. Leo jioni kitakuwa hapa. Hapo sina huenda."

"Rudia hilo la kwanza."

Huenda akarudia. Mama Pasi akaisimamisha pasi kwa kisigino chake pembeni ya meza, akamgeukia mdogo wake polepole, na Spika akaanza kutazama kamba za nguo kama mtu anayetafuta shati lake.

"Na wewe uliambiwa yote haya?"

"Dada, gari haisimami, mtu mlangoni anasikia..."

"Uliambiwa au hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

"Kumbe miaka yote hii nahesabu kitu ambacho hakuna aliyesema nikihesabu." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimewacheka hawa watu wa hali ya hewa hadi mbavu zikaniuma. Nimekaa hapa mlangoni kwa mto, najiona mjanja. Kwa sababu mtoto niliyemfundisha kuongea mimi mwenyewe ameona uvivu kumaliza sentensi!"

Akaanza kufungasha. Spika akashusha pumzi, akasema, "Asante, dada, kwa kuelewa."

"Sijakuelewa wewe. Nakwenda shuleni kwa sababu leo mji mzima utafungiwa mahali pamoja usiwe na pa kukimbilia, nami nina jambo la kuwaeleza kuhusu wewe. Shika hilo furushi."

Ndivyo alivyookoka: kwa hasira. Wengine huokolewa na imani.

Ikabaki kumtoa Mzee Soli. Alikuwa benchini akishona soli ya kiatu cha kike, uzi mdomoni. Huenda akachuchumaa mbele yake akamwamkia, akaanza kumweleza kwa utaratibu. Mzee akamsikiliza akitabasamu, kisha akainua kidole akaonyesha juu.

"Binti yangu, nina misumari. Upepo gani utang'oa hilo?"

"Mzee, upepo ndio nusu yake. Tatizo la hapa ni..."

Na hapo hapo Spika, aliyekwisha kupakia furushi na kuona muda unakwenda, akawasha gari akashika maikrofoni. Kipaza sauti cha nyuma kilikuwa kimeelekea kibandani. "Vimbunga vinaongezeka! Shuleni! Vimbunga vinaongezeka! Shuleni!" Huenda aliendelea kusema. Midomo yake ilionekana ikisema mvua, ikisema mto, ikisema maji, mikono yake ikapanda kutoka magotini hadi kifuani hadi juu ya kichwa. Mzee Soli aliitazama ile mikono akaitikia kwa adabu, kwa sababu alidhani inazungumzia paa.

"Naujua upepo," akajibu kelele zilipopungua. "Nimekuelewa, binti yangu, ubarikiwe."

Mama Pasi akamvuta mkono. "Inuka, wewe zee. Na mimi nimeapa, mbona nakwenda?"

"Tangulia. Nina viatu vya watu humu. Nikiviacha tena nitawaambia nini? Nikivifunga vizuri nakuja. Niwekee nafasi, na usinipangie karibu na yule mkoromaji."

"Usipokuja nitakuja kukubeba mgongoni."

"Mgongo wenyewe umepinda kama suruali zako."

Wakacheka. Mama Pasi akapanda nyuma ya pikapu na furushi lake.

Mawingu yalipotanda, waliocheka nao wakapanda kilimani, na huko shuleni Mama Pasi alitimiza ahadi. Alisimama mbele ya ubao, akaeleza darasa zima alichoambiwa mdogo wake na alichotangaza mdogo wake, na tofauti iliyopo kati ya hivyo viwili. Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Spika alisimama ukutani chini ya ramani ya mwili wa binadamu. Mama Pasi alikuwa ametandika mashuka mawili, moja lake, moja la pembeni, na kila aliyetaka kukalia lile la pembeni alikemewa. Jioni upepo ukaanza, na mvua ikashuka kwa namna ambayo haikuwa tena mvua ya matone. Shuka lilikuwa bado tupu.

"Nenda kamlete," akamwambia Spika.

Nitampa haki yake: alikwenda. Alishuka na pikapu hadi pale barabara inapoanza kuinamia mtoni, maji yakaingia kwenye injini, ikazima. Akasukuma, akapiga kelele kwa mdomo wake mtupu, bila betri, jina la Mzee Soli. Sauti iliyokuwa ikisikika mitaa mitano haikuvuka hata maji yale. Akarudi kilimani kwa miguu, amelowa hadi mifupa, na dada yake alipomwona anaingia peke yake akalikunja lile shuka la pembeni.

Kimbunga kilipita. Kiling'oa paa la Mama Pasi, likapatikana juu ya ghala. Kiling'oa la muuza mkaa, la duka la vifaa vya ujenzi na misumari yake yote ndani, na la kituo cha hali ya hewa upande wa mkuu. La Mzee Soli halikung'oka. Maji yalipopungua, watu walilikuta mahali pake, bati zote, msumari ubavuni mwa msumari. Mto ulikuwa umepanda hadi kwenye dari. Benchi, aliloliingiza ndani pamoja na viatu vya watu, lilikuwa limeelea likaukaza mlango, na mabati yalikuwa yamevimba kuelekea nje, vinundu vingi vidogo vya ukubwa wa kichwa cha nyundo ya viatu. Alikuwa amepiga kutoka ndani. Paa likamshinda, kwa sababu alilipigilia vizuri. Katika mji ule wote, huyo ndiye aliyelitii tangazo la misumari kuliko wote.

Sasa sikilizeni mji wetu huu. Kimbunga kimoja kilikuwa kimepita, kimoja tu, na tayari watu walikuwa wakikubaliana barabarani kwamba kweli, vimekuwa vingi. Muuza mkaa alimshika Spika mkono wote, mbele za watu. "Ulisema, bwana! Ulituambia vinaongezeka, tukakufanya mwongo!" Mkuu wa kituo naye akatikisa kichwa kwa heshima. Huenda, aliyekuwa akikusanya ramani zilizolowa, akafungua mdomo kuwasahihisha, na wote wakamgeuzia mgongo kabla hajafika kwenye huenda ya kwanza. Spika alijua kwamba hakustahili. Lakini mkono wa sifa ukishikwa, mtu hauvuti mara moja. Aliuacha uendelee kutikiswa.

Pikapu ilipokubali kuwaka akaiendesha hadi mtaa wa chini. Mama Pasi alikuwa nje ya kuta zake zisizo na paa, amefua lile shuka la pili, analikamua. Walikuwa wamempata mtu wa kumvalisha Mzee Soli nguo za kuzikwa, na maziko yalipangwa kuwa jioni.

"Dada," Spika akasema dirishani, "nitamtangaza mimi. Sitaki kitu cha mtu. Nikizunguka mara mbili tu, mji mzima unajua."

Mama Pasi akaning'iniza shuka kwenye kipande cha kamba kilichobaki. Akavitazama vile vipaza sauti, cha mbele na cha nyuma, na kile cha nyuma akakitazama zaidi.

"Wewe?" akasema. "Utamfupisha."

Akajifuta mikono, akafunga kitambaa kichwani, akavuka matope hadi mlango wa kwanza wa mtaa. Mwenye nyumba alitoka na fagio mkononi, akasikiliza, akaweka fagio chini. Akaleta kiti. Mama Pasi akakaa, akaendelea kusema, mkono wake ukionyesha ukutani kwake, ukionyesha mto, ukipigapiga hewani kama mtu anayegonga soli, na yule mwenye nyumba akawa mara anacheka, mara anajifuta macho. Spika alingoja aone dada yake akiinuka kwenda mlango wa pili. Hakuinuka. Akazima injini ili asikie anasema nini, akashusha na kioo, lakini Mama Pasi hakuwa akipiga kelele, na hakuna neno hata moja lililomfikia.